Aikaeli Wawili Ndani ya Faili Moja

Aikaeli Msele alizikwa mara mbili katika kihamba kilekile, shamba la ukoo huko Uru, na mara ya pili hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni Aikaeli yupi aliyekuwa ndani ya sanduku. Walikuwa wawili, babu na mjukuu, jina moja na ukoo mmoja, makaburi yao yakitenganishwa na migomba michache. Barabara mpya ilipokata ule mteremko, makaburi yaliyotakiwa kuhamishwa yalikuwa mawili. Sanduku lililoletwa lilikuwa moja. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa mashine, na jina lililoandikwa halikuwa na kosa hata la herufi moja.

Nilirudishwa kwenye habari hii mwezi uliopita, tulipomzika Kassimu, niliyefanya naye kazi zamani, pale Majengo. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume uani kwenye mikeka, na kati yetu kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo nilisikia karibu kila kitu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkali kupita kiasi. "Nilimpelekea flashi anichapishie barua, akakataa. Kisa, jina la faili lina nafasi katikati. Akaniambia hilo ni sawa na kutoka nyumbani na suruali yenye tundu." Watu wakacheka kicheko cha msibani, kile kifupi. Sauti nyingine ikasema taratibu, "Kwangu alisema ni sawa na kuoga nusu." Sauti hiyo niliijua kabla sijachungulia. Elinami amenenepa, nywele zimemkimbia, lakini bado anavua miwani na kuifuta kila anapotaka kusema jambo ambalo halimpendezi. Yeye na Kassimu hawakuwa wamesemezana tangu mwaka ule wa barabara. Sasa alikuwa ameacha kazi zake Dar, amepanda basi, amekuja kukaa kwenye mkeka wa mtu ambaye asingeweza tena kumjibu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi ya uandishi, nikachukua iliyokuwepo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Majengo, juu ya mafundi cherehani, kimegawanywa na ubao mwembamba. Mchana kutwa sakafu ilitetemeka kwa mashine za chini, na harufu ya pasi ya mkaa ilipanda kupitia nyufa za mbao hadi nguo zetu zikawa zinanuka kama sare mpya za shule. Mwenye ofisi aliishi Arusha, tulimjua zaidi kwa simu. Alikuwa amepata kazi kutoka kwa kampuni iliyojenga barabara ya kupanda vijijini: kuandika makaburi yote yaliyo kwenye njia, ili yahamishwe kwa heshima kabla greda halijafika. Mlimani wafu hulala nyumbani, ndani ya kihamba, katikati ya kahawa na migomba, na barabara haiwezi kupita popote bila kupita juu ya mtu. Mimi nilipanda kwa wenyeji, nikauliza, nikachora. Kassimu alipanga taarifa kwenye kompyuta. Elinami, kijana wa mlimani aliyepanga chumba Kiboriloni nyuma ya soko la mitumba, alitakiwa kuzifikisha taarifa hizo kwenye simu za wachimbaji.

Ubishi wao ulianza kabla hata kaburi la kwanza halijaandikwa. Kassimu alikuwa mtu wa XML. Alinieleza siku yangu ya kwanza, akimenya chungwa juu ya kibodi: kila taarifa inawekwa kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, na kila lebo ina jina, kama sufuria ambayo mfuniko wake umeandikwa jina la sufuria. Ndani ya kihamba kuna kaburi, ndani ya kaburi kuna jina, mahali, na maelezo ya wenyewe kwa maneno yao. Ukisahau kufunga mfuniko mmoja, mashine inakataa faili lote. "Inachosha," alisema, "na ndiyo maana naipenda. Mtu aliyechoka anaangalia anachofanya." Elinami alitaka JSON, mtindo uliokuwa ukishika kasi kwenye mtandao: mabano, jina la kitu, nukta mbili, thamani yake, basi. Mwepesi, mfupi, simu inaumeza bila kukohoa. Faili la Kassimu likitumwa juu Uru, kwa mtandao wa wakati ule, ungeweza kuchemsha chai ukainywa kabla halijafunguka.

Nilikuwa nikiwasikiliza kupitia ubao, kila mchana, mama wa chapati akiwa ameshaondoka na vikombe.

"Kaka Kassimu, XML imekufa. Waliobaki nayo ni benki na serikali."

"Na hawa tunaowaandika? Wazima?"

"Sasa unanitania. Mimi nakuambia dunia imehama."

"Ihame. Mimi nitabaki nikilinda mizigo."

"Mizigo yenyewe nusu ni lebo! Unaandika 'jina', halafu jina la mtu, halafu unaandika tena 'jina'. Nani asiyejua lile lilikuwa jina?"

"Atakayefungua faili hili mimi na wewe tukiwa hatupo. Huyo ndiye hajui."

Wakati ule niliona ni utani wa wanaume wawili waliokosa kazi ya kutosha. Leo, baada ya miaka mingi ya kuandika habari kwenye redio na magazeti, ninaweza kusema nani alishinda, na jibu halimfurahishi yeyote. Elinami alikuwa sahihi kuhusu mtandao. Karibu kila programu ninayoifungua kwenye simu, ya benki, ya mabasi, ya hali ya hewa, nyuma yake ni JSON zinazorushiana mabano. Lakini Kassimu naye hakukosea. Barua yoyote ninayoiandika ofisini, nikilipasua faili lake, ndani mmejaa lebo zilezile za kufungua na kufunga, na vipindi vyetu vya redio vinawafikia wasikilizaji wa mtandaoni kupitia faili la XML ambalo hakuna kijana wa studio anayejua kuwa lipo. Haikufa. Ilishushwa vyumba vya chini, kama mafundi wa ofisi yetu, na watu wanatembea juu yake. Kuhusu kesho, nilimuuliza Elinami pale msibani, na akacheka bila furaha: siku hizi vijana wake wanaichoka hata JSON, wanataka kuiambia mashine mambo kwa sentensi tupu, itafute yenyewe kipi ni jina na kipi ni mahali.

Nyumbani kwa akina Msele nilipanda mvua za vuli zikiwa zimekaribia. Mama Aikaeli alinipokea mlangoni mwa jiko, nikampa shikamoo, akaniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza nimetumwa na nani. Aliponiona nimejifunga mtandio akasema, "Usiogope, nyama ni ya kuku, na kijana wa Kiislamu wa pale dukani ndiye aliyemchinja." Nikala mtori wa ndizi na kuku kwenye kibakuli cha bati huku mumewe, Baba Aikaeli, akikohoa chumba cha pili. Alikuwa mgonjwa wa kifua tayari. Kisha mama akanichukua nyuma ya nyumba. Babu Aikaeli, baba mkwe wake, alikuwa upande wa juu, karibu na masale, ile mimea ya mpaka. Mwanawe, Aikaeli mwenyewe, aliyekuwa mpagazi na akafia mlimani kwa kukosa pumzi akiwa na mzigo wa wageni mgongoni, alikuwa upande wa chini, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji. Hakukuwa na misalaba iliyosimama. Ya mbao ilikuwa imeoza. Mama aliyajua makaburi kwa miguu.

"Huku sipiti," alisema, akionyesha upande wa juu. "Yule ni mkwe. Hata akiwa hai sikukaa naye benchi moja. Naenda huku tu." Akashuka kwenye mfongo, akainama, akang'oa jani moja kavu la mgomba na kulitupa pembeni, kama mtu anayetengeneza shuka.

Kassimu aliyaandika yote, kwa mpangilio niliomwambia, mkubwa kwanza, na maneno ya mama aliyaweka neno kwa neno ndani ya lebo ya maelezo. Halafu kampuni ikaja juu. Injinia alipiga simu Arusha, Arusha ikatupigia sisi: faili halifunguki kwenye simu za wachimbaji, mvua inakuja, badilisheni. Elinami alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akaandika programu ndogo ya kuhamisha kila kitu kutoka XML kwenda JSON. Injinia alikuwa ametaka jambo moja tu: aandike jina la marehemu, kaburi litokee. Kwa hiyo Elinami alilifanya jina la marehemu kuwa ufunguo wa kila kaburi. Maelezo ya wenyeji aliyaacha, hayakuwa na pa kukaa.

Hapo ndipo penye kosa, na nataka nilieleze kwa haki. JSON haina ubaya huo. Inaweza kubeba makaburi elfu yenye jina moja ukiyapanga kama orodha. Lakini jina likiwa ufunguo, ndani ya mabano yale lina nafasi ya mtu mmoja tu. Likija mara ya pili, mmoja anaondoka, na mashine haisemi kitu. Kilichonisumbua miaka yote ni kwamba asiyeliona alikuwa Elinami, sisi wengine tungesamehewa. Mlimani mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, kila nyumba, kila ukoo. Yeye mwenyewe aliitwa hivyo. Lakini nyumbani kwao hakuna anayelitumia jina hilo. Babu yake ni Babu. Yeye, kwa kuwa amebeba jina la mzee, baba yake mzazi humwita "Baba", na hata shangazi zake humwamkia kwa utani kama mzee. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia watu wawili wakiitika kwa pamoja. Majina yale hukutana kwenye karatasi tu, na kwenye makaburi.

Siku ya kuhamisha ilipangwa na ukoo. Nilipanda na Kassimu asubuhi. Tulikuta pombe ya mbege imepikwa, mbuzi amefungwa, wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wakimsubiri mchungaji, na nyuma ya nyumba hakukuwa na nyuma ya nyumba. Greda lilikuwa limepita siku iliyotangulia, kampuni ikikimbizana na mvua, mama akiwa hospitalini na mumewe. Mteremko ulikuwa umekatwa wima, udongo mwekundu umelowa, mizizi ya migomba inaning'inia hewani, na mfongo unamwaga maji yake kwenye barabara kama bomba lililopasuka. Pale walipolala wote wawili palikuwa na hewa tupu. Sanduku lilikuwa limewekwa barazani, limepigiliwa misumari, na karatasi yake.

Mama Aikaeli alilizunguka. "Lingine liko wapi?"

Kijana wa kampuni alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha. "Mama, Aikaeli Msele ni mmoja."

"Ni wawili."

"Orodha ina mmoja, mama. Mtu tumemtoa kwa heshima zote."

"Sijakuuliza heshima. Nimekuuliza huyu ni nani?"

"Aikaeli Msele, mama."

Mzee mmoja wa ukoo akasema lifunguliwe sanduku. Mwingine akasema mtu akishafunikwa mara ya pili hafunuliwi, na zaidi ya hapo utatazama nini, mifupa ya watu wazima wawili wa damu moja? Wakabishana kwa Kichagga, nikashika maneno machache tu. Kassimu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa udongo na karatasi zake alizochapisha ofisini, zenye makaburi yote mawili, lebo kwa lebo, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Mwisho mchungaji akaomba, sanduku likazikwa kwenye kipande kilichobaki cha kihamba, na msalaba ukaandikwa jina bila tarehe. Jina halikuwa na tatizo. Mbuzi aliliwa.

Kampuni ilikataa kutoa orodha iliyokuwa kwenye simu, ikasema ni mali ya mkataba. Wachimbaji walikuwa vibarua, walikwishapakiwa kwenye lori kwenda kipande kingine cha kazi. Mwenye ofisi alikuja kutoka Arusha kwa mara ya kwanza, akabeba kompyuta zote, akafunga mlango. Kwenye ngazi, mafundi wakitusikiliza huku wamesimamisha mashine, Kassimu alimwambia Elinami maneno mabaya. Alimwambia ana haraka ya mwizi. Elinami akajibu, "Mimi nilibadilisha nilichopewa," akafuta miwani, akashuka. Wiki hiyohiyo alihamia Dar.

Baada ya matanga, binti yake Kassimu aliniletea diski ambayo baba yake alisema nipewe. Niliifungulia palepale, Elinami akiwa kando yangu. Faili lilifunguka kwa programu ya kawaida ya maandishi, bila kuomba kitu. Lebo zote zilikuwepo, zimefungwa. *Kaburi. Jina. Aikaeli Msele. Mahali, upande wa juu, karibu na masale. Maelezo: huku sipiti, yule ni mkwe.* Chini yake, kaburi la pili. *Jina. Aikaeli Msele. Mahali, upande wa chini, karibu na mfongo.* Kassimu aliwahi kusema litasomeka kwa macho matupu, na lilisomeka.

Elinami akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Wachimbaji walifuata mahali palipoandikwa kwenye orodha. Orodha ilibaki na kaburi moja. Mpangilio huu hapa ndio programu yake iliousoma: babu kwanza, mjukuu wa pili. Kama jina lilipojirudia programu iliandika juu ya lile la kwanza na kulifuta, aliyebaki ni mjukuu, na wachimbaji walitumwa kwenye mfongo. "Basi ni mwanawe," nilisema. Akavua miwani. "Kama niliandika hivyo. Ila naweza kuwa niliiambia ikikuta jina limeshakuwepo, iruke. Watu wengi huweka hivyo, kuzuia marudio. Hapo anabaki babu." Nikamuuliza alifanya lipi. "Zai, nilikuwa ndiyo najifunza. Nilikuwa nanakili mistari kutoka kwenye mtandao."

Tulipanda Uru kesho yake. Baba Aikaeli alifariki mwaka uliofuata barabara, akazikwa ubavuni mwa lile sanduku, na kwake haikuleta shida: ni baba yake au ni mwanawe. Upande wake wa pili ni ukingo wa barabara, ambao kila masika unameguka. Nafasi iliyobaki kwenye kihamba ni moja, upande wa pili wa sanduku. Mama Aikaeli haoni vizuri sasa, na miguu imevimba, lakini alituuliza kama tumekula.

"Shikamoo mama," Elinami alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo mama."

"Watoto wanataka kunilaza pale. Kama ni mwanangu, nilazwe hata leo. Kama ni mkwe, siwezi, nipelekeni makaburi ya kanisani nilale na wageni. Sasa niambie wewe uliyeandika."

Elinami alimweleza habari ya mistari miwili, wa kufuta na wa kuruka, akajitahidi kutumia maneno mepesi, na mama alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo uliandika mmojawapo," alisema. "Na hukumbuki." "Sikumbuki, mama." Aliomba asogezewe kibakuli chake, akaanza kula mtori uliokwishapoa.

Elinami anasema huenda alijitumia ile programu kwenye barua pepe yake ya zamani, ile ya chuo. Neno la siri amelisahau, na chuo kimehamisha akaunti za zamani mahali pengine. Ameandika kuomba zitafutwe, hajajibiwa. Jana binti wa Mama Aikaeli alinipigia simu kwamba mama amelazwa hospitalini, na vijana wa ukoo wanauliza wachimbe wapi.